Mlanguzi Hufika Machi, Benki Hufika Oktoba

Mikoa ya Kusini mwa Tanzania ina mazao, ina maghala na ina benki. Inachokikosa ni mkopo unaokwenda na msimu.

Machi ni mwezi mgumu katika uwanda wa Makonde. Fedha za korosho zilizoingia mwishoni mwa mwaka zimekwisha: nyingine zimelipa ada, nyingine zimenunua mabati, nyingine zimekwenda kwenye ngoma za jando na unyago, na nyingine zimefuta madeni ya mwaka uliotangulia. Mahindi mapya bado yako shambani. Ufuta uliopandwa Januari na Februari unataka palizi, na kibarua hapalilii kwa ahadi. Wakati huo ndipo anapofika mtu na pikipiki. Hana fomu, hadai picha za pasipoti, wala haulizi barua ya mtendaji wa kijiji. Anatoa fedha taslimu jioni hiyo hiyo, na anachotaka ni korosho zitakazookotwa baada ya miezi saba, kwa bei anayoipanga yeye leo.

Kusini biashara hiyo inajulikana kama kangomba. Kagera, ambako kahawa huuzwa ingali mtini, huitwa butura. Serikali imeipiga marufuku miaka nenda rudi, vizuizi vimewekwa barabarani, magunia yamekamatwa, na bado ipo. Ipo kwa sababu mlanguzi ameelewa jambo ambalo wakopeshaji wengi wenye leseni hawajalielewa: anajua mkulima anaishiwa lini. Bei yake ni ya kinyonyaji, lakini kalenda yake ni sahihi. Benki ni kinyume chake. Riba yake ni nafuu, ila uchangamfu wake kwa mkulima huonekana zaidi Oktoba, minada inapofunguliwa na kuna fedha za kuwekwa kwenye akaunti.

Mjadala wa mitaji ya kilimo nchini umekuwa ukizungukia mambo mawili, riba na dhamana. Yote mawili yana uzito. Lakini ukikaa na leja ya kaya moja ya Newala au Nachingwea, unaona kwamba swali la tatu ndilo linaloamua kama mkopo utajenga au utabomoa: fedha inatoka lini, na inarudi lini?

Mwaka mmoja, milango mitatu

Kusini kuna msimu mmoja wa mvua, unaoanza kwa kawaida mwezi Desemba na kuishia Aprili. Ndani ya msimu huo mahindi, mihogo na mbaazi huingia ardhini, na ufuta hufuata. Ufuta huvunwa kuanzia Mei, na minada yake hushika kasi Juni na Julai. Mbaazi huingia sokoni Agosti na Septemba. Mikorosho huchanua katikati ya mwaka, ikihitaji salfa na viuatilifu ili ubwiriunga usiunguze maua, kisha korosho huokotwa na kuuzwa kuanzia Oktoba hadi mwisho wa mwaka, wakati mwingine Januari.

Kaya yenye mazao yote matatu hupokea fedha zaidi ya nusu mwaka. Kaya ya korosho peke yake hupokea miezi mitatu tu, kisha hukaa miezi tisa ikila akiba au deni. Na kaya zote mbili zina pengo linalofanana, Januari hadi Mei, ambalo halizibwi na zao lolote la mnada. Pengo hilo huzibwa na kuku, mayai, mbuzi, muhogo, na mboga za bondeni kwa aliyebahatika kuwa na bonde.

Kwa hiyo kuongeza shughuli shambani si suala la bwana shamba peke yake. Ni suala la marejesho. Mkulima mwenye kuku mia moja na ekari mbili za ufuta pembeni ya mikorosho anaweza kukopa zaidi ya jirani yake mwenye mikorosho mingi kumzidi, kwa kuwa fedha yake haisubiri mnada mmoja. Ofisa mikopo anayehesabu mikorosho tu hataliona hilo.

Mshika mbili

Wahenga walionya kwamba mshika mbili, moja humponyoka. Wako wakulima, na wako wataalamu, wanaolitumia neno hilo kupinga kuchanganya mazao: shika korosho, ipulizie vizuri, ipaliliwe kwa wakati, mengine ni kupoteza nguvu. Kwa zao lenye bei nzuri hoja hiyo inavutia. Msimu wa 2024/25 uzalishaji wa korosho nchini ulipita tani 500,000, na katika minada ya mwanzo ya Oktoba 2024 bei ilivuka Sh4,000 kwa kilo. Nani atahangaika na kuku?

Jibu liko katika misimu miwili ya nyuma. Agosti 2017 India iliweka ukomo wa mbaazi zinazoingia nchini mwake, na bei ya mbaazi Tanzania ikaporomoka kiasi kwamba kuna waliouza kwa hasara na waliobaki na magunia ndani. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya korosho. Wakulima walizikataa bei walizopewa mnadani, na Novemba 2018 Rais John Magufuli akaamuru Serikali inunue zao lote kwa Sh3,300 kwa kilo, jeshi likabeba mzigo. Bei ilikuwa nzuri kuliko ile ya wafanyabiashara, lakini uhakiki ulichukua muda na malipo ya wengi yakachelewa. Aliyekuwa na korosho peke yake aliingia mwaka 2019 akiwa na stahiki kwenye makaratasi na sufuria tupu jikoni.

Misimu hiyo inafundisha jambo ambalo halisemwi sana. Kuongeza mbaazi juu ya korosho ni kuongeza zao, si kuongeza mnunuzi, maana yote mawili yanaitazama India kwa sehemu kubwa; Vietnam nayo hununua korosho ghafi. Ufuta una wateja wengine, hasa China. Mayai na mchicha wateja wake wako Masasi; mtikisiko wa mnada haufiki huko. Anayepanga kupanua shughuli zake ajiulize kwanza: kama mnunuzi mmoja wa ng'ambo akifunga mlango, shughuli zangu ngapi zitaanguka siku moja?

Ghala kama dhamana

Si kweli kwamba Kusini haijawahi kupata jibu la mtaji. Sheria ya Stakabadhi za Ghala ilitungwa mwaka 2005, na msimu wa 2007/08 mfumo ukaanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara. Wazo lake ni jema. Mkulima anapeleka korosho kwenye chama chake cha msingi, AMCOS. Zinapimwa, zinapangwa madaraja, zinapelekwa ghala kuu, na ghala linatoa stakabadhi. Karatasi hiyo ni mali. Benki ilikubali kukopesha dhidi yake, na chama kikampa mkulima malipo ya kwanza kabla korosho hazijauzwa. Salio lilifuata baada ya mnada.

Kwa mara ya kwanza mtu asiye na nyumba ya bati wala hati ya kiwanja alikopeshwa kwa sababu ya kile alichokizalisha. Lakini malipo ya kwanza yalikadiriwa kwa bei iliyotarajiwa, na soko halina ahadi na mtu. Aprili 2013 wilayani Liwale wakulima waliambiwa malipo ya pili yatakuwa kidogo kuliko walivyotegemea. Ghasia zilizuka, na nyumba za watu kadhaa, wakiwamo viongozi wa ushirika, zikachomwa moto. Hasira haikutokana na bei kushuka tu. Ilitokana na mkopo uliochukuliwa kwa jina la mkulima, kwa makadirio asiyoshiriki kuyafanya, na hatari yote ikamwangukia yeye.

Sehemu kubwa ya mfumo imebaki na imepanuliwa: ufuta na mbaazi nazo sasa hupita ghalani na mnadani. Vyama vikuu vinavyosimamia mauzo, kama TANECU kwa Tandahimba na Newala, MAMCU kwa Masasi na Mtwara, na RUNALI kwa Ruangwa, Nachingwea na Liwale, vimekuwa majina ya kawaida vijijini. Malipo ya mkulima hupita kwenye akaunti ya benki. Jambo hilo la mwisho lina thamani kubwa kuliko linavyochukuliwa. Maana yake ni kwamba benki inaweza kuona, msimu hadi msimu, huyu aliuza kilo ngapi, lini, na kwa bei gani. Rekodi ya misimu mitano ya mauzo humweleza mkopeshaji mengi kuliko hati ya nyumba.

Tatizo ni kwamba stakabadhi huzaliwa siku zao linapofika ghalani. Machi hakuna stakabadhi. Kuna ufuta unaopaliliwa na mikorosho isiyochanua. Mfumo umelifungulia mtaji zao lililovunwa, na kumwachia mlanguzi zao lililoko shambani.

Hesabu ya milioni moja

Tuchukue mfano. Mkulima anahitaji Sh1,000,000 mwishoni mwa Januari kwa mbegu, palizi na uvunaji wa ufuta. Ana njia nne, na bei tutakazotumia ni za kupigia hesabu tu.

Njia ya kwanza ni benki yenye riba ya asilimia 9 kwa mwaka, marejesho kila mwezi kwa miezi 12. Rejesho ni takriban Sh87,500 kwa mwezi, kuanzia Februari. Riba ni ndogo, lakini Februari, Machi, Aprili na Mei hakuna kilichouzwa. Karibu Sh350,000 zitarudi benki kabla ufuta haujafika mnadani. Ama mkulima arudishe sehemu ya mkopo wenyewe, palizi ikwame, ama akope kwingine alipe huku. Ndivyo mikopo ya kausha damu, ile ya riba ya kinyonyaji, inavyoingia nyumbani mwa mtu aliyekwisha kukopa benki.

Njia ya pili ni benki hiyohiyo, riba hiyohiyo, lakini deni lote linalipwa mara moja mwishoni mwa Julai, baada ya mauzo. Riba ya miezi sita ni Sh45,000. Anarudisha Sh1,045,000 na hakuguswa wakati wa palizi.

Njia ya tatu ni mkopeshaji mdogo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa miezi sita riba ni Sh210,000. Inauma, ila inabebeka kama ufuta umekubali.

Njia ya nne ni kangomba. Kama mlanguzi anaihesabu kilo ya korosho kwa Sh1,500, mkulima anaahidi kilo zipatazo 667. Oktoba mnada ukifika Sh3,000, kilo hizo zina thamani ya Sh2,000,000. Gharama ya kukopa milioni moja imekuwa milioni nyingine.

Tofauti kati ya Sh45,000 na Sh1,000,000 ni pana, na bado watu wanachagua njia ya nne. Hawaichagui kwa ujinga. Njia ya pili mara nyingi haimo kwenye orodha waliyopewa, na ya kwanza, kwa mtu asiye na mshahara, ni mtego wenye riba nafuu. Hii ndiyo sababu kushusha riba peke yake hakujamwondoa mlanguzi.

Kilichobadilika, na kisichobadilika

Haitakuwa haki kusema hakuna kilichofanyika. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, ilizinduliwa mwaka 2015, na pamoja na kukopesha, ina mfuko wa dhamana unaobeba sehemu ya hasara pale benki ya biashara inapomkopesha mkulima mdogo akashindwa kulipa. Julai 2021 Benki Kuu ilitangaza hatua mbili za maana. Ilitenga Sh1 trilioni za kuzikopesha benki kwa asilimia 3 ili nazo zikopeshe sekta binafsi kwa riba isiyozidi asilimia 10, na ikazipa nafuu kwenye amana zinazotakiwa kuwekwa Benki Kuu zile zinazokikopesha kilimo kwa riba isiyozidi kiwango hicho. Baada ya hapo benki kubwa zilishusha riba za kilimo hadi asilimia 9. Kwa aliyezoea asilimia 20, hayo ni mapinduzi.

Ngazi ya halmashauri kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisimamishwa Aprili 2023 ili utaratibu urekebishwe, ukarejea mwaka 2024. Na Aprili 2025 Benki ya Ushirika ilizinduliwa Dodoma, ikiwa imezaliwa kutoka benki ndogo za ushirika na za wananchi, mojawapo ikiwa ile ya Tandahimba. Wenye vyama vya korosho sasa wana hisa katika benki ambayo mizizi yake imepita kijijini kwao.

Upande wa ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilileta hati miliki za kimila. Zimesaidia kupunguza migogoro ya mipaka, lakini kama dhamana zina kikomo. Shamba la kijiji haliuziki kwa yeyote bila ridhaa ya halmashauri ya kijiji, na benki inajua kwamba kumnadishia mtu mikorosho ya babu yake mbele ya ukoo mzima si kazi nyepesi. Pale inapokataa hati hiyo, haiidharau sheria. Inajua haitaweza kuuza.

Kisichobadilika ni ratiba ya marejesho. Mikopo mingi midogo imekatwa kwa kipimo cha mfanyakazi wa mshahara au mwenye duka, anayeona fedha kila wiki. Zao la kudumu ndilo linaloumia zaidi. Mkorosho uliobebeshwa huanza kuzaa kuanzia mwaka wa tatu hivi. Anayekopa kupanda ekari tano mpya kwa mkopo wa miezi 12 atamaliza kulipa, au kufilisika, kabla hajaokota korosho ya kwanza. Mkopo wa namna hiyo unahitaji miaka ya neema, na katikati ya mistari paoteshwe karanga, kunde au ufuta vibebe gharama ya kungoja.

Banda, chanjo na kikaango

Shughuli zinazoongezwa shambani nazo zina kalenda zake, na fedha zinapotea pale shughuli zote zinapotendewa sawa.

Kuku wa kienyeji huzungusha fedha haraka. Adui wake mkuu ni mdondo, au kideri kama wengine wanavyouita, unaoweza kufagia kundi zima kwa siku chache. Kinga yake ni chanjo ya tone jichoni kila baada ya miezi mitatu, ya bei ndogo mno ukilinganisha na banda. Hata hivyo miradi mingi ya mikopo huanza na banda la matofali, kwa kuwa banda linaonekana na ofisa anaweza kulipiga picha. Mkopo wa kuku ungeanza na chanjo na chakula. Banda la miti na nyasi lingetosha hadi kundi lijithibitishe.

Kubangua ni habari nyingine. Sehemu kubwa ya korosho za Tanzania bado inasafirishwa ghafi, na kila mwaka tunahimizwa kubangua. Mtaji wa ubanguaji hauko kwenye mashine peke yake. Anayetaka kubangua mwaka mzima lazima anunue korosho ghafi ndani ya wiki chache za msimu, na kuzilaza ghalani akizitoa kidogokidogo. Fedha yake inalala pamoja nazo. Kikundi cha akina mama kinachokaanga na kubangua kwa mkono hakiwezi kushindana kwenye mnada unaouza kwa shehena za tani. Kukipa mashine bila mtaji wa kununulia malighafi ni kukipa kikaango bila korosho.

Kikao cha Desemba

Kuna jambo ambalo vikundi vyenyewe vinaweza kulirekebisha bila kusubiri Dodoma wala Dar es Salaam. Vikundi vingi vya hisa na VICOBA huvunja mzunguko Desemba. Kusini, Desemba ndio mwezi ambao fedha za korosho tayari ziko mkononi. Gawio linamwagika juu ya mauzo, na vyote vinaisha pamoja. Kikundi kinachoweka hisa Oktoba hadi Januari na kugawana mwishoni mwa Februari kinampelekea mwanachama fedha yake mwenyewe palizi inapopamba moto, bila riba ya mtu.

AMCOS nazo zina nafasi. Chama kinachojua kilo alizouza mwanachama misimu mitatu iliyopita kinaweza kumwandikia benki barua ya maana: huyu anastahili kiasi hiki, kitakatwa mnada wa ufuta. Ila kikadirie kwa woga. Kiasi kinachopaswa kukopwa ni kile kitakacholipika hata bei ikishuka hadi nusu ya msimu uliopita. Makato yakizidi, mkulima atapita njia ya panya na magunia usiku, na chama kitabaki na deni.

Mkulima mwenyewe achukue karatasi, achore miezi 12, aandike chini ya kila mwezi kinachoingia na kinachotoka. Aende nayo benki na aombe marejesho yaangukie miezi yenye maingizo. Akikataliwa aulize sababu, kisha aulize benki ya pili. Ofisa asiyeweza kubadili ratiba huenda akaipeleka karatasi kwa anayeweza. Asipoletewa, hana cha kupeleka.

Na kabla ya kusaini, ajiulize kama anakopa kukuza au kujaribu. Waliokwisha kufuga kuku ishirini wakajua vifo vyao, soko lao na chakula chao wana sababu ya kukopa wafikishe mia mbili. Ambaye hajawahi kufuga hata mmoja aanze kwa fedha ya kikundi, kidogo, mwaka mmoja. Kukopa harusi, kulipa matanga, na hakuna deni linalolipika kwa shida kama la biashara ambayo mwenyewe bado anajifunza. Cha kwako kilichokwisha kukulipa, kikopee kikue. Kipya, kijaribu kwa akiba.